Alinigusa kwa mguu

Kwa mguu, jamani. Hakutumia mkono, wala hakuniita jina. Nimelala chali katika darasa la yoga, macho nimefumba, viganja vimetazama juu, mwili mzima nimeuachia, na kijana wa mapokezi akanisukuma ubavuni kwa ncha ya kiatu. "We mama, amka. Pesa yako haijaingia."

Mahali penyewe sipataji. Ni Mombasa, upande wa Nyali, ghorofani, na wanaopajua watapajua. Bei na saa za madarasa mtaziuliza wenyewe. Mimi nina jambo hili moja tu, maana tangu siku ile halijanitoka rohoni.

Mamangu alifariki mwaka jana, Ramadhani ikikaribia. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Baada ya arubaini wageni walipotawanyika, usingizi nao ukanikimbia. Nalala saa sita, saa nane niko macho natazama dari mpaka adhana ya alfajiri. Vidonge nilipewa, vikanifanya mzito mchana kutwa, na kazi yangu ni ya makaratasi ya mizigo bandarini, tarakimu moja ukikosea kontena la mtu linakwama. Shoga yangu wa Tudor ndiye aliyenambia kuna darasa la yoga. "Si lile la kupunguza tumbo," akasema, "hili ni la kutuliza nafsi."

Nilisita sana. Kwetu Kibokoni ukitaja yoga kuna watakaokuuliza kama umebadili dini. Siku ya kwanza nikamuuliza mwalimu waziwazi, naye hakunificha. Alisema asili yake ni Uhindi, imeshikana na ibada za kule tangu zamani, na kuna wanaoifanya kwa ibada mpaka leo. Lakini hapa hatamlazimisha mtu kutamka neno asilolitaka. "Pumzi ni yako," akanambia. Nilimheshimu kwa ukweli ule, nikabaki.

Na mwalimu yule anajua kazi yake, hilo siwezi kulikataa hata nikikasirika vipi. Alitueleza kwamba Patanjali, mwanachuoni wa kale wa Uhindi, alizitaja ngazi nane za yoga, na ile mikao ya mwili tunayoiona kwenye picha, asana, ni ya tatu tu. Ya nne ni pumzi. Kutafakari kwenyewe, dhyana, ni ya saba. Kwa hiyo kujikunja kote kule ni kuuandaa mwili ukae bila kulalamika, ili akili ipate pa kutua. Akatufundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, na ni kweli, ukiitoa taratibu hivyo moyo wenyewe unapunguza mbio. Nilianza kuifanya usiku kitandani. Haikuniletea usingizi mara moja, ila ile saa nane ikaacha kunitisha.

Kunguru wa Mombasa mnawajua. Jioni wanajaa juu ya mabati ya jirani, wanapiga kelele kama wana kesi, na chini tuktuk hazikomi honi. Wiki za mwanzo nilikuwa nauma meno. Mwalimu akasema, "Usipigane nao. Wasikie, waache wapite, kisha rudi kwenye pumzi." Nilijizoeza hilo kwa wiki nyingi, na nikaliweza.

Kilichonishinda ni shavasana, ule mlalo wa mwisho. Shava kwa Kisanskriti ni maiti. Unalala kama maiti. Sasa mimi niliyemmwagia mamangu maji kwa mikono hii, kila nikilala vile nikifumba macho namwona juu ya kitanda cha kuoshea. Nilikuwa nainuka natoka, naenda kukaa kwenye ngazi mpaka wenzangu wamalize. Mwalimu hakunilazimisha hata siku moja. Aliniletea mto akanambia nilale ubavu, na mlango nikiutaka uko wazi.

Siku yenyewe kusi ilikuwa inavuma, madirisha yote wazi. Sijui kilichobadilika. Nililala chali tu, bila kujishauri. Kunguru wakapiga kelele zao, wakapita. Mama akaja, nikamwona vizuri, uso wake mtulivu kama ulivyokuwa, nami nimelala kama alivyolala, na sikuogopa. Machozi yalikuwa yanateremka kuingia masikioni na sikuyafuta. Mara ya kwanza tangu azikwe nilikuwa naye bila hofu.

Ndipo kiatu kikanigusa.

Mguu! Kwetu hata mtoto aliyelala haamshwi hivyo. Unamshika bega, unamwita kwa upole, roho yake irudi taratibu. Na ukumbi wenyewe sote tunavua viatu mlangoni, yeye akaingia navyo mpaka juu ya mkeka wangu. Watu ishirini wamelala kimya, sauti yake ikawafikia wote, na wote wakajua mimi ndiye nisiyelipa.

Nami nilikuwa nimelipa. Nilituma kwa simu kabla sijapanda ngazi, na ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa kwenye droo yake, kwa sababu ni wao wanaoamuru simu ziachwe mapokezi! Nikashuka miguu mitupu natetemeka, nikamfungulia ujumbe, akausoma. "Basi itakuwa ni mtandao," akasema, akarudi kwenye kiti chake. Pole sikuisikia.

Nikamwendea mwenye mahali. Nilitaraji mtu mzima mwenzangu atanielewa. Akanishika mkono akanambia, "Mama, yoga ni kuachilia. Ungekuwa umezama kweli usingekasirika."

Ukutani nyuma yake pameandikwa kwa rangi, herufi kubwa, AHIMSA. Maana yake ni kutodhuru. Katika zile ngazi nane, ya kwanza ni yama, yaani namna ya kuishi na watu, na ndani ya yama jambo la kwanza kabisa ni hilo. Hakuna anayeruka ya kwanza akafika ya saba. Utaniambiaje mimi nimeshindwa kuzama wakati wewe mlango wa kuingilia hujaufungua? Kunguru niliwaachilia, na honi pia. Mtu kunigusa kwa kiatu nikiwa nimelala mlalo wa maiti, nikiwa na mamangu, hilo siliachilii, na sioni kwamba natakiwa.

Aliyenipa pole ni soja wa getini, mzee wa watu, hata hakujua kilichotokea. Aliniona uso tu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende. Sasa nafikiri kuna mtu mwingine huko nje anatazama dari saa nane ya usiku, na mwalimu yule angemfaa, wallahi angemfaa. Basi nendeni, lakini lipeni mkononi na mtake risiti. La, hapana. Nikikumbuka "ungekuwa umezama kweli" naona senti yangu nyingine isiingie pale. Vipindi vyangu vitatu vilivyobaki nimevilipia na sivitaki.

Mwalimu ameniandikia juzi. Hakumtetea mtu, aliuliza tu kama nalala. Nimemjibu kwamba nautandika mkeka wa ukindu wa mama chumbani kwake baada ya isha, nahesabu nne kwa sita, na shavasana bado sijairudia. Nikamwomba, siku akipata nafasi afundishie bustani ya Mama Ngina, ufukweni kule kwenye mibuyu, asubuhi mapema kabla ya watu kujaa. Bado hajajibu. Akikubali, nitakwenda hata kwa miguu, na mkeka wangu kwapani.