Flashi za mezani Barabara ya Digo, Mombasa, zikichomekwa kwenye Linux

Flashi zisizo na chapa zinazopangwa mezani huandikwa GB 64, na ukiandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski, Linux nayo hukuonyesha karibu hivyo hivyo (kama G 59, kwa kuwa huhesabu kwa 1024). Usiamini bado. Chipu ya ndani inaweza kudanganya ukubwa: nafasi ya kweli ikiisha, faili mpya hupotea au hufuta za zamani, kimya kimya.

Kipimo chake ni programu ya f3. Flashi ikiwa tupu, endesha f3write mpaka ijae, halafu f3read ihesabu sekta (vipande vidogo vya hifadhi) zilizoharibika. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuijaza tu ni karibu saa 2, kwa hiyo ipime siku ile ile, muuzaji angali anakukumbuka.

Nyingi huja na FAT32, mpangilio wa faili ambao haupokei faili inayozidi GB 4. Ubadilishe uwe exFAT. Linux imeielewa yenyewe tangu kerneli (kiini cha Linux) 5.4 ya mwaka 2019. Ext4, mpangilio wa Linux yenyewe, ni imara zaidi, lakini Windows haiisomi bila msaada, na redio ya matatu usiitarajie kabisa.

Lawama nyingine si ya flashi. Mstari wa kunakili hufika mwisho data ikiwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukichomoa hapo, filamu inakatikia katikati. Andika sync, amri ya kumalizia kuandika data kwenye flashi, ngoja, kisha:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1

Herufi ya flashi yako (hapa ni b ya sdb1) itazame kwanza kwenye lsblk. Na kofia usiitupe. Hewa ya chumvi hula vibati vya mdomoni.