Agroveti Moja ya Nakuru: Dawa Zipo, Maelezo Hayatoshi

Agroveti ninayoizungumzia, yaani duka la pembejeo za kilimo, iko katikati ya mji wa Nakuru, nayo huwahudumia wakulima wa viazi na nyanya kutoka Bahati, Njoro na Molo. Kwa upande wa bidhaa sina neno baya: pakiti zimefungwa vizuri, tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka, risiti hutolewa bila kuombwa, na bei ni za kawaida. Tena hawapimi dawa kwa kijiko na kuifunga katika karatasi ya gazeti, mtindo wa hatari unaomwacha mnunuzi hajui amenunua nini wala afanye nini mtoto akiilamba.

Tatizo ni maelezo. Mama mmoja mjamzito aliomba dawa ya blaiti, ugonjwa unaokausha majani ya viazi, akauliza kama mtu wa hali yake anaweza kuipiga mwenyewe. Kijana wa kaunta alimwonyesha kwa kidole mstari wa kijani ulio chini ya pakiti ya mankozebu, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, akamwambia, "Hii ni ya kijani, mama, haina shida."

Jibu hilo si sahihi, na uzito wake ni mkubwa. Rangi hizo za pakiti, kuanzia nyekundu ya sumu kali zaidi, manjano, buluu hadi kijani, hufuata uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ambao hupima hasa ukali wa sumu mtu akiimeza au ikimpenya ngozini kwa mara moja. Hazimwambii mkulima lolote kuhusu kiasi kidogo kinachoingia mwilini msimu baada ya msimu. Mankozebu huvunjika na kutoa kemikali iitwayo ethilinithiourea, ambayo huvuruga tezi ya thairoidi, na ubongo wa mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, hutegemea homoni za tezi hiyo kutoka kwa mama yake. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa idhini ya dawa hiyo, ikiwa imeainishwa kuwa inadhuru uzazi na kuvuruga homoni. Huku kwetu bado inauzwa.

Wala jambo haliishii kwa mtoto huyo. Msichana huzaliwa akiwa tayari na mayai yake ya uzazi, kwa hiyo kemikali inayomfikia mama mjamzito inaweza kugusa vizazi vitatu kwa mkupuo. DDT ni dawa tofauti, ya kuua wadudu, lakini kwayo hili limechunguzwa: mwaka 2021 watafiti wa California walieleza kwamba wajukuu wa kike wa wanawake waliokuwa na DDT nyingi zaidi damuni katika miaka ya 1960 walielekea zaidi kunenepa kupita kiasi na kuvunja ungo mapema.

Glavu na barakoa zipo, ila zimewekwa rafu ya juu nyuma ya chakula cha kuku, na hakuna anayezitaja. Aliyenunua dawa ya nyanya mbele yangu hakuambiwa asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, ingawa lebo inasema.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Kwa mbegu na mbolea, nenda bila wasiwasi. Kwa dawa, sisitiza usomewe lebo nzima, na aliye mjamzito au anayenyonyesha amwachie mtu mwingine kazi ya kuichanganya, kuipiga na hata kufua nguo zilizotumika.