Fundi wa pikipiki ya kukatwakatwa Unguja: nimempata, ila nshaliwa kwanza

Kama unaendesha Boxer au TVS vile vile ilivyotoka dukani haya hayakuhusu sana, mjini hapa kila pembe kuna kijana atakubadilishia pleti za klachi asubuhi na Laasiri unayo mwenyewe barabarani. Mie nnazungumza na wale wenzangu wenye wazimu kama wangu, mtu ana chombo chake kizima, kinakwenda, hakimdai kitu, anakitoa kwa mikono yake akakipeleka kwa mchomeleaji kikatwe mkia kwa sababu kaona picha kwenye simu. Kikishakatwa kikaanza kuumwa ndo unajua kwamba mafundi wapo wengi ila wa kukielewa hicho ulichokiunda wewe humpati.

Yangu ni CG125. Nliichagua makusudi maana Honda waliitoa 1976 wakiwa wanazifikiria nchi kama zetu hizi, mtu anapakia magunia na mke juu yake na oili habadilishi mpaka iwe uji, kwa hivyo juu ya injini hamna cheni ya taimingi, valvu zinasukumwa na fito, basi. Halafu Wachina wameikopi mpaka wamechoka, spea ukiikosa Darajani unaagizia Kariakoo inakuja na boti. Nikasema hii hata nikiichezea haitanisumbua. Nikakata fremu nyuma nikachomelesha bomba la kukunja, siti fupi nkashonewa na fundi wa makochi, madigadi ya nyuma nje, taa ndogo ya elidii mbele, eksosi fupi, na lile boksi jeusi la hewa nkaliondosha nikaweka filta ya koni inayong'ara. Boksi mdogo wangu akalichukua la kutilia misumari. Pikipiki ikawa nzuri wallahi, nkaipiga picha Forodhani jua linazama, watu wakasifu, nkavimba kichwa.

Wiki mbili tu. Ukiachia akselereta inapiga risasi kwenye eksosi, ta-ta-ta, watoto wa mtaani wanashangiria na wazee barazani wananitizama kwa jicho la pembe. Ikipata moto inakufa nguvu. Na usiku nikiwasha indiketa taa ya mbele nayo inapepesa pamoja nayo kama wanaitana.

Fundi wa kwanza (simtaji wala mtaa wake siutaji) hata hakukaa kitako, kasema hiyo kabureta, ishakwisha, lete elfu 85 ntakutilia mpya. Nkatoa. Ikawa vile vile. Nlipomuuliza ile ya zamani iko wapi, maana ilikuwa Keihin ya asili, akanambia ishakwenda na taka. Taka gani inayochukua kabureta ya Keihin ikaacha vigae? Nikanyamaza, kosa langu, sikuipiga picha wala sikuitia alama.

Wa pili ndo alinivunja moyo. Kasema ringi za pistoni. Nimemwachia niende kuswali Adhuhuri narudi nakuta silinda iko juu ya gazeti, pistoni ipo pale inanitizama, na hatujakubaliana bei. Ushafunguliwa utasema nini, nkalipa laki na 10. Ukijumlisha na ile ya mwanzo ni laki mbili kasoro elfu 5 na risasi ziko pale pale.

Ikanizimikia Jumapili nnakwenda Paje, pale Jozani kwenye yale matuta yaliyotiwa kwa ajili ya kima punju. Nimepunguza kwa tuta la kwanza, kwenye kuongeza ikagoma, injini inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Kima wawili juu ya mti wanakula majani wananitizama bila ya huruma yoyote. Nkaipakia kwenye keri, kile kigari cha mizigo, kurudi mjini kwa elfu 30 na yule dereva wa keri ndo aliyeniokoa, kaitizama pikipiki akasema hii usimpelekee kijana, hii mpelekee Ami.

Basi rivyuu yenyewe inaanzia hapa. Ami jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe kanikataza, kasema "usintie huko kwenye masimu yenu, kazi nlizonazo zinantosha". Yuko pande za Mikunguni, kibanda hakina bango, kuna mkungu mbele na Vespa mbili ambazo nadhani zimekuwepo pale tangu sijazaliwa. Ukimtaka uliza madereva wa keri, wanamjua.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza, karibu nusu saa nzima hakushika spana. Nlimsalimia, akaniitikia, akavuta kigoda akakaa mbele ya pikipiki kama mtu anayetizama mgonjwa, kisha:

"Mwanangu, umeondosha nini hapa?"

"Boksi la hewa, ami."

"Na nini chengine?"

Nikamhesabia vyote. Akauliza nani kachomelea, lini, nani kaifungua injini, risasi zilianza kabla au baada ya filta. Hamna fundi hata mmoja kabla yake aliyeniuliza kwamba chombo hichi kimepita mikono gani, wote walikuwa wanatizama kilivyo leo tu.

"Na jeti ulibadilisha?"

"Jeti gani ami?"

Akacheka kimya kimya, mabega tu yanatikisika. Akafungua plagi akanipa mkononi, nyeupe kama chokaa. Akatoa nyengine kwenye Vespa ya mtu akaziweka pamoja juu ya kiganja changu, ile ya Vespa ina rangi ya chai ya maziwa. Akanambia ikiwa rangi hii injini inakula vizuri, ikiwa nyeusi ya masizi petroli imezidi, ikiwa nyeupe kama yako hewa imezidi na injini inajipika yenyewe. Lile boksi ulilolitupa lilikuwa linaibana hewa kidogo na jeti ilipimwa kwa hewa ile. Wewe umeufungua mlango wote, petroli umeiacha ile ile. Yaani laki mbili zangu zimekwenda na jawabu lilikuwa kwenye jeti, kijishaba cha kutoboka kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, hakifiki hata ukucha wa kidole kidogo.

Ila hakuishia hapo, na hapa ndo nlipomwamini. Kaiwasha ikawa inaunguruma taratibu, akachukua bomba la sindano lina oili akawa anadondosha tone tone pale kabureta inapokutana na injini. Upande wa kushoto, kimya. Upande wa kulia, tone lilipoingia tu mlio ukabadilika hapo hapo, nikausikia hata mimi. Kufungua, gasketi imekatwa kwa boksi la kadibodi, kazi ya yule wa pili. Hewa ya wizi ilikuwa inapita pale juu ya ile ya filta. Kwa hivyo hata ningetia jeti peke yake bado ingesumbua.

Taa nazo. Kumbe nlipokwisha kuchomelea fremu nlipiga rangi nzuri kisha nikafunga waya wa arthi juu ya rangi, na umeme haupiti kwenye rangi, unatafuta njia za panya. Akakwangua kwa msasa mahali padogo kama kitufe cha shati, akafunga, taa ikatulia. Dakika 5. Hii hata sikumlipa, kakataa.

Nikamwomba anichomelee palipopasuka kwenye lile bomba la nyuma. Kasema yeye hachomelei, ataipeleka kwa jirani yake, lakini kabla haijatoka kaondosha betri na kuchomoa sidiai, kile kidude kinachoipa plagi cheche, akaitia mfukoni mwake. Nkamuuliza kwa nini, akanambia zamani kashaua sidiai mbili za watu kwa kuchomelea zikiwa zimefungwa, na zote kalipa yeye. Fundi kukuhadithia alichokiharibu bila ya kuulizwa, jamani, mie sijawahi kukutana naye.

Pikipiki kailaza kwake. Nlidhani ndo zile zile za njoo kesho, kumbe alitaka kupima tepeti, yaani ule uwazi wa valvu, injini ikiwa baridi kabisa, ya CG ni milimita 0.08 na ikiwa na moto kipimo kinadanganya. Yule wa pili alizikaza pikipiki imetoka barabarani sasa hivi, kwa sikio. Asubuhi nlimkuta na fila zake, vile vibati vya kupimia uwazi, zimefungwa kwenye kitambaa kina mafuta kama mus'hafu vile anavyozitunza, astaghfirullah, lakini nnasema kweli.

Tukabishana jambo moja. Yeye alitaka boksi la hewa lirudi. Kasema filta ya koni masika itakunywa maji na ukienda pwani itakula mchanga. Mie nkakataa, nimeikata pikipiki yote hii ili pale katikati pawe wazi, nikirudisha boksi itakuwa kama kanzu na raba. Akasema haya, chombo chako. Akatia jeti ya 105, yenye tundu kubwa zaidi, badala ya 98, akanituma niende gia ya nne nikiwa nimeifungulia kisha nibane klachi na kuzima swichi pamoja, nirudi nikisukuma asome plagi. Nimesukuma mara tatu kwa jua lile, nakuja nalowa jasho yeye anatizama plagi anasema bado. Mara ya tatu rangi ikawa ya chai.

Hesabu: jeti elfu 12, gasketi ya kweli elfu 3, kazi elfu 40. Elfu 55 zote. Na vitu vya zamani vyote kanirejeshea ndani ya kopo la maziwa, hata ile gasketi ya kadibodi, hata nati iliyokufa meno, kila kitu. Kopo lile liweke akilini.

Halafu kaninyima ufunguo. Kasema hakuna vioo na taa ya breki haifanyi kazi, kwa hivyo hutoki nayo hapa. Nkamwambia vioo vinaharibu umbo. Akanitizama tu. Nkaenda kununua vioo.

Sasa ubaya wake, na upo, msije mkaniambia sikusema. Muda hana kabisa. Niliambiwa itakuwa tayari Jumamosi nkaichukua Alkhamisi. Simu anayo ila hapokei, mara nyengine anaisikia inalia anaendelea na kazi. Baada ya Laasiri anakwenda kwenye bao na ukimkuta huko ushakosa, hata uwe umetoka Nungwi. Ijumaa usijisumbue. Ramadhani anafungua baada ya tarawehe na wakati huo kuna foleni. Kibanda kichafu, hakuna pa kukaa, na vijana wake wawili hawagusi kitu asipokuwepo yeye, akiumwa kazi imesimama. Na pikipiki za injekshen hagusi, nimemsikia kwa masikio yangu anamrudisha mtu na pikipiki kubwa ya gharama, "hii ina kompyuta mwanangu na kifaa chake sina, ntakuharibia". Kama unayo hiyo tafuta kwengine. Kitu chengine, atakusema. Kaona njiti za magurudumu yangu zina kutu akajua hapo hapo kwamba nnapita na pikipiki ufukweni Jambiani maji yakitoka, nkasomewa khutba nzima kuhusu chumvi na kuosha kwa maji matamu siku hiyo hiyo sio kesho.

Miezi minne ilikwenda kama saa, Paje nimekwenda na kurudi sijui mara ngapi, kima wa Jozani wananijua. Kisha ikaingia masika. Siku ya tatu ya mvua ikaanza kukohoa, siku ya nne ikagoma kuwaka kabisa mbele ya nyumba, filta ya koni unaikamua kama tambara la kupigia deki. Nikamwambia mdogo wangu amwage misumari.

Nlipofika na boksi mkononi Ami hakusema nilikwambia wala nini, kauliza tu "kopo lipo?" Lipo. Akafungua, akachagua kwa kidole, akaitoa ile jeti yangu ya 98 akaipuliza akairudisha mahala pake. Jeti hakunchaji, kazi elfu 10. Boksi linaonekana ndiyo, nimelipiga rangi ya fremu na si baya kivile, picha mpya sijaitia bado.

Nyota nnampa 4, ile ya tano imekwenda na bao. Ukienda nenda asubuhi saa 2, mwite Ami, usimwambie ugonjwa ni nini mhadithie tu ulichokata, na plagi yako ya zamani usiitupe maana ataitaka aisome rangi yake.