Prado ya kukodi yenye hema la paani: Mikumi sawa, Kitulo subiri kwanza

Wakodishaji kadhaa wa magari hapa Dar wana kifurushi kinachofanana: Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ ya dizeli, hema la kukunja juu ya paa, friji ya volti 12, jiko la gesi, meza na viti. Picha ya tangazo huwa na twiga nyuma yake. Kwa Mikumi kifurushi hiki hakina ubishi. Hapa kinapimwa kwa safari ndefu zaidi: Morogoro, Mikumi, mibuyu ya bonde la Ruaha, Kitonga, Iringa, Makambako, kisha Chimala na kupanda hadi uwanda wa majani wa Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005, na maua yake hushamiri kati ya Desemba na Aprili. Bahati mbaya ni miezi hiyohiyo ya matope.

Anza na mkataba. Ukikuta unaruhusu kilomita 200 kwa siku, chukua kalamu. Dar hadi Chimala ni kama kilomita 750. Kwenda, kurudi na mizunguko ya mlimani, weka 1,700. Siku 5 zinakupa 1,000 tu, na 700 zilizobaki unazilipia moja baada ya nyingine. Siku 8 zinakupa 1,600, na hulazimiki kukimbizana na tochi za trafiki kwenye kila kibao cha 50. Uliza pia kama gari lina bima kubwa, na kiasi gani unabeba mwenyewe kabla bima haijalipa. Gari la bima ndogo likibiringika Kitonga, bodi ni yako.

Sasa injini. Udhaifu wa 1KZ kila fundi wa gereji anaujua: silinda hedi yake (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu, na ikichemka sana hupasuka. Kwa hiyo ukaguzi unafanyika asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla hujalipa. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yawe yamejaa hadi mdomoni, safi, yana rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini), bila utando wa mafuta juu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi uangalie kwa dakika chache. Mapovu madogo yakipanda mfululizo hata baada ya hewa ya kawaida kutoka, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Gari hilo usilichukue hata wakupunguzie nusu ya bei. Zima, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka raundi kadhaa kama pangaboi, klachi yake, inayoifanya izunguke na injini, imekufa. Barabara ya Kibaha haitakuonyesha ugonjwa huo, kwa sababu upepo wa mwendo unatosha kupoza. Utauona Kitonga, nyuma ya lori la Tunduma linalopanda kwa mwendo wa konokono, jua la saa 8 mchana.

Kitonga panda mapema, kiyoyozi kimezimwa, gia ndogo. Mshale wa joto ukipita katikati, washa hita hadi mwisho na ufungue madirisha. Mtaonekana vichaa, lakini hita ni rejeta ya pili. Ukilazimika kusimama, iache injini ingurume dakika mbili ili tabo (turbo, inayosukumia injini hewa) ipoe ndipo uzime, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kimepoa kabisa.

Wakati wa kurudi shida inahamia kwenye breki. Prado ya otomatiki ikishuka kwa D inakuachia wewe kazi yote, na pedi zikichemka pedali inalegea na kuanza kuzama. Zima O/D (overdrive, gia ya mwendo kasi), shusha gia hadi 2, kanyaga breki kwa nguvu mara chache badala ya kuegesha mguu juu yake muda wote. Kwenye kona za Hamsini na Saba, kati ya Matamba na Chimala, tumia 4L, yaani gia nzito ya magurudumu manne. Mvua ikinyesha, barabara hiyo iache. Pitia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Ni mzunguko mkubwa, ila bado inamezeka.

Hema lenyewe ni zuri kuliko linavyotangazwa, isipokuwa maelezo ya "watu watatu". Upana wa mita 1.4 ni watu wawili na mtoto. Linafungwa kwa boliti nane, na barabara ya makorogesheni (mawimbi ya vumbi) huzilegeza, kwa hiyo beba spana namba 13 ukaze kila jioni. Dar na Mikumi utalala na madirisha wazi. Kitulo utashawishika kufunga kila kitu, na hapo ndipo watu wanapoamka wamelowa: pumzi inagonga turubai baridi na kudondoka kama mvua. Acha vidirisha viwili vya juu wazi kidogo, vinavyotazamana. Chini ya godoro tandika mkeka wa ukili, kwa sababu unyevu hukaa hapo na wakodishaji hawaweki kitu. Mablanketi mepesi ya kifurushi hayatoshi; Juni hadi Agosti usiku wa huko unaleta sakitu (umande ulioganda), na mtu wa Temeke hajui baridi ya namna hiyo. Beba mifuko ya kulalia.

Friji ikiwa imeunganishwa kwenye betri ileile ya kuwashia gari, izime kabla ya kulala. Ukiwa Kitulo haina kazi, nje kuna friji ya bure. Jiko ni jambo kubwa zaidi. Vikopo vidogo vya gesi ya butane huzubaa kwenye baridi inayokaribia sifuri, hivyo dai mtungi wa kilo 6. Na kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Maharage mabichi yatakula gesi yote na bado yatagoma; yachemshe Dar, ugandishe, uondoke nayo. Wali unataka maji zaidi na kifuniko kizito. Vitunguu usinunue mjini, vinakusubiri Ruaha Mbuyuni.

Mengine ni ya haraka: jeki ifike juu gari likiwa na mzigo, tairi la akiba liwe na upepo, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na tarehe, kamba ya kuvutia. Dizeli hesabu kilomita 8 kwa lita ukiwa na hema, maana linakamata upepo. Jaza Makambako. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kadi au namba ya malipo, kwa hiyo shughulikia kabla mtandao haujakukimbia. Kilomita 50 za barabara kuu ndani ya Mikumi hazina kiingilio, ila fuata vibao vya mwendo, na faini ya kugonga mnyama imebandikwa kwa kila aina.

Kwa Mikumi na Iringa, nyota 4 kati ya 5. Kwa Kitulo 3, na ya nne unaijaza mwenyewe kwa mkeka, mifuko ya kulalia na mtungi mkubwa.

Ukirudi, usikabidhi hema likiwa limekunjwa na maji ya Kitulo. Joto la Dar hulitia ukungu haraka, na madoa yale hayatoki kwa sabuni; yatakatwa kwenye amana yako. Lifungue uwani kwa muda wa saa nne za jua kali, godoro limesimamishwa, kisha piga picha kabla hujarudisha funguo.