Trove: uzoefu wangu wa kusoma vita ndani ya magazeti ya Australia

Nimekuwa nikitumia Trove, huduma ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia yenye magazeti ya zamani, na kila ninapoitaja naulizwa mtu wa Dar es Salaam anatafuta nini huko. Nilifikishwa na mto Rufiji. Nilikuwa nasoma habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye delta mpaka ikaangamizwa Julai 1915, nikakuta kwamba kati ya meli zilizokuwa zinailinda isitoroke ilikuwamo HMAS Pioneer, ya jeshi la majini la Australia. Meli hiyohiyo mwaka 1916 ilishiriki kuupiga mji wetu kwa mizinga. Nikataka kujua watu wa kwao walikuwa wanaambiwa nini. Leo nasoma zaidi habari za familia zilizobaki Melbourne na Sydney kuliko za Rufiji.

Huduma ni bure, na kusoma hakuhitaji kufungua akaunti. Unaandika neno, unachuja kwa mwaka, kwa jimbo, kwa gazeti, hata kwa aina ya maandishi: habari, matangazo ya biashara, au matangazo ya familia. Ukifungua habari unaona picha ya ukurasa wenyewe, na pembeni maandishi yaliyosomwa na mashine. Magazeti mengi yanaishia 1954 kwa sababu za hakimiliki, kwa hiyo vita vyote viwili vya dunia vimo. Wino wa zamani humchanganya msomaji wa mashine, na Trove imewaachia wasomaji wa kawaida warekebishe mstari kwa mstari. Watu wamefanya kazi hiyo kwa kujitolea miaka na miaka, na kila nikikuta ukurasa ulionyooshwa na mtu nisiyemjua, namshukuru.

Kwa mwenzangu wa Afrika Mashariki, zingatia tahajia. Habari za mto wetu hutazipata zote kwa kuandika Rufiji. Andika pia Rufigi, maana ndivyo taarifa nyingi za Waingereza zilivyouandika wakati huo.

Kilichonishika hasa ni kuisoma vita kwa tarehe. Kitabu cha historia kinakuambia kwamba wanajeshi wa Australia na New Zealand walishuka Gallipoli, Uturuki, tarehe 25 Aprili 1915, kisha kinaendelea na mapigano. Fungua magazeti ya Jumatatu ya tarehe 26 uone. Wanaume wanakufa ufukweni, na huku nyumbani ukurasa wa mbele umejaa matangazo ya biashara kama siku yoyote. Taarifa fupi ya serikali inaanza kusikika mwishoni mwa mwezi. Maelezo kamili ya kwanza, yaliyoandikwa na Mwingereza Ellis Ashmead-Bartlett, yanatoka tarehe 8 Mei, yakiwasifu mno vijana hao. Kwa karibu wiki mbili kulikuwa na wake na mama ambao walishafiwa na hawajui. Nilikuwa nafahamu tarehe hizo kabla, lakini kupitia kurasa za siku zile moja baada ya nyingine ni jambo jingine kabisa.

Fromelles ndiyo iliyoniumiza zaidi. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Julai 1916, kaskazini mwa Ufaransa, kikosi kimoja cha Australia kilipoteza watu 5,533, ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Taarifa rasmi iliyofika magazetini ilizungumzia uvamizi fulani wa muhimu ambao Waaustralia walishiriki, na kwamba Wajerumani wapatao 140 walikamatwa. Hakuna zaidi. Ukweli uliingia kwa mlango mwingine: orodha za majina. Songa mbele hadi Agosti na Septemba, utaona safu za herufi ndogo zinavyorefuka, majina chini ya majina, yamepangwa kwa majimbo: waliouawa, waliokufa kwa majeraha, wasiojulikana walipo.

Hao wasiojulikana walipo ndio niliowafuatilia kwenye matangazo ya familia. Sisi wasomaji wa magazeti ya Tanzania tunayajua matangazo ya kumbukumbu, yenye picha ya marehemu na maneno "unakumbukwa na mkeo, watoto wako, wajukuu". Waaustralia walikuwa nayo pia, bila picha, na mara nyingi yakiwa na beti fupi. Nilipochuja The Argus la Melbourne kwa Julai ya 1917, kisha 1918, kisha 1919, nilikuta tarehe 19 inarudi na familia zilezile. Mwanzoni baadhi yao wanasita kuandika kwamba kijana amekufa. Baadaye wanaandika. Kwenye matangazo mengine orodha ya wanaokumbuka inazidi kupungua, baba hayumo tena, amebaki mama na dada.

Hapo ndipo nashauri ufungue pia hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa za Australia, ambayo ni huduma tofauti na bure vilevile. Majalada ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza yamepigwa picha, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa za kwanza zina fomu ya kujiandikisha: kazi yake, urefu, rangi ya macho, kifua kilichopimwa akiwa ametoa pumzi na akiwa ameivuta. Katikati kuna magonjwa, adhabu za kuchelewa kambini, mshahara aliomwachia mama yake. Mwishoni kuna barua za nyumbani, nyingine zimeandikwa kwa mkono unaotetemeka, zikiuliza mzigo wa marehemu umefika wapi, au kama kuna yeyote aliyemwona. Baadhi ya majalada ya Fromelles yanaonyesha kwamba habari ilifika kupitia Wajerumani wenyewe, waliookota vibati vya shingoni vya maiti na kupeleka majina kupitia Msalaba Mwekundu.

Msalaba Mwekundu wa Australia ulikuwa na ofisi nzima ya kutafuta habari za wasiojulikana walipo. Vera Deakin, binti wa waziri mkuu wa zamani Alfred Deakin, aliianzisha Cairo mwaka 1915, kisha ikahamia London. Watu wake walipita wodi za hospitali wakiwauliza majeruhi: ulimwona fulani mara ya mwisho wapi? Majibu hayo leo yanasomeka kwenye tovuti ya Australian War Memorial, makumbusho ya taifa ya vita. Shahidi mmoja anasema alimwona ameanguka karibu na senyenge, wa pili anasema alitekwa akiwa mzima, wa tatu anaeleza mtu mwenye urefu na nywele tofauti kabisa. Familia zilitumiwa habari za namna hiyo na zikaishi nazo. Mwaka 2009 miili 250 ilifukuliwa kwenye makaburi ya halaiki karibu na Fromelles, pale Wajerumani walipoizika, na wengi wamepatiwa majina kwa vipimo vya vinasaba. Mama walioandika zile barua walikuwa wamekufa zamani.

Australia wakati huo ilikuwa na watu wasiofika milioni 5. Zaidi ya 416,000 walijiandikisha, zaidi ya 60,000 wakafa, na wote walikwenda kwa hiari. Waziri mkuu Billy Hughes alitaka uandikishaji wa lazima, akaitisha kura ya wananchi tarehe 28 Oktoba 1916. Soma wiki zile kwenye magazeti mawili kwa pamoja, The Argus lililounga mkono, na Worker la Brisbane la vyama vya wafanyakazi lililopinga, utaona kama ni nchi mbili. Walikataa kwa tofauti ya kura zipatazo 72,000. Desemba 1917 wakaulizwa tena, wakakataa kwa tofauti kubwa zaidi. Kwangu hii ndiyo sehemu ya vita iliyopiganwa nyumbani, na Trove inaionyesha vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma, kwa sababu unasoma hasira yao kabla hawajajua matokeo.

Kuna watu ambao magazeti haya hayakuwatazama sawasawa. Sheria iliwatenga na jeshi wasio na asili kubwa ya Kizungu, na bado wenyeji wa asili wa Australia zaidi ya 1,000 walihudumu katika vita ile, wengine wakikubaliwa baada ya masharti kulegezwa mwaka 1917. Waliporudi, wengi hawakupata mashamba yaliyogawiwa wanajeshi wenzao. Utawatafuta sana kwenye kurasa za mwaka 1916 na utapata kidogo, na mara nyingi kwa maneno ya dharau. Maneno hayohayo utayakuta kwenye habari za Afrika Mashariki, ambako wapagazi wetu waliokufa kwa maelfu wanatajwa kama sehemu ya mizigo. Jiandae kwa hilo. Mimi huwa nafunga kwa muda na kurudi siku nyingine.

Vita Kuu ya Pili nimeipitia kwa haraka zaidi, lakini soma angalau Darwin. Wajapani waliupiga mji huo mara mbili tarehe 19 Februari 1942 na kuua zaidi ya watu 230. Magazeti yaliambiwa waliokufa hawafiki 20. Kisha ruka kwenye The Australian Women's Weekly la miaka hiyo, ambalo nalo limo lote: mgao wa chai na sukari, namna ya kugeuza koti la zamani kuwa gauni la mtoto. Ni kurasa za kupendeza kutazama, zenye rangi.

Kuhusu matumizi ya kila siku: picha za kurasa ni nzito, zinakula bando, kwa hiyo kwenye simu mimi husoma maandishi ya pembeni kwanza, na picha naifungua pale tu ninapotilia shaka neno. Kompyuta ni bora zaidi. Ukijisajili unaweza kujiwekea orodha ya habari ulizozipenda, na bila hiyo utapotea, maana habari moja inakuvuta kwenye nyingine. Kiingereza cha magazeti ya wakati ule ni kirefu, lakini mwanafunzi wa sekondari anakimudu akipewa muda.

Kwa mwalimu wa historia ningependekeza aanze na kitu kimoja tu: achague gazeti la kila siku la Sydney au Melbourne, afungue tarehe 20 Julai 1916, na awaache wanafunzi waende mbele siku kwa siku hadi mwisho wa Agosti, wakiandika kila siku msomaji wa nyumbani alikuwa amekwishajua nini.