Mizani ya wanunuzi wa dhahabu Bukavu: inafaa kwa sarafu za Wagiriki wa kale?

Ni mizani ile ile unayoiona mikononi mwa wanunuzi wa dhahabu mjini Bukavu: kisanduku cheusi cha kuingia mfukoni, kifuniko cha plastiki, sahani ndogo ya chuma, mwisho wa uzito 200 g, na namba zinazosogea kwa 0.01 g. Jina lililobandikwa juu linabadilika duka kwa duka, umbo ni lile lile. Kuanzia Nyawera hadi Kadutu utaanziwa dola 15 hivi, na ukibishana itashuka. Kwa mtu anayekusanya sarafu za Kigiriki za kale, hiki ndicho chombo cha kununua mapema kuliko vyote, hata kabla ya lensi. Ila usiiamini jinsi inavyotoka dukani, na kuna sarafu ambazo haiziwezi kabisa.

Uzito una maana kubwa kwa sarafu hizi kwa sababu sarafu ya fedha ilibeba thamani yake ndani ya madini ya fedha yenyewe, na kila mji ulikuwa na kipimo chake. Tetradrakma ya Athene, yaani sarafu ya drakma nne, ile yenye kichwa cha Athena upande mmoja na bundi upande wa pili, inakaa karibu na 17.2 g. Aleksanda Mkuu alifuata kipimo hicho hicho, kwa hiyo tetradrakma yake yenye Herakles aliyevaa ngozi ya simba nayo ni 17.2 g, na drakma ni robo yake, 4.3 g. Stateri, sarafu kubwa ya fedha ya miji mingine, nayo hutofautiana: ya Egina yenye kasa ni karibu 12.2 g. Stateri ya Korintho yenye farasi mwenye mabawa ni 8.6 g. Wengi hukwama Misri: Ptolemaios I alipunguza uzito hadi tetradrakma ikafika karibu 14.2 g, hivyo anayeanza huitupa sarafu halali akidhani ni bandia. Jua kwanza mji na mtawala, ndipo usome namba.

Fedha iliyotumika sana au iliyoliwa na udongo hupungua. Bundi wa 16.8 g aliyechakaa si ajabu. Bundi wa 15.5 g anayeonekana mpya anahitaji maelezo, na aliyevuka 17.5 g anahitaji maelezo zaidi, maana matumizi hayaongezi chuma.

Sasa kasoro kubwa ya mizani hii. Haipimi kwa kulinganisha vyuma viwili kama mizani ya zamani ya mikono miwili; ndani kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo kinapokandamizwa, na kupinda huko kunageuzwa kuwa namba. Maana yake inapima nguvu ya mvutano wa dunia, na mvutano si sawa kila mahali. Bukavu iko karibu na ikweta, tena juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mizani iliyorekebishwa kiwandani penye nyuzi 30 kaskazini, karibu na bahari, ikiletwa hapa inapunguza takriban sehemu 1.7 kwa kila 1,000. Jiwe la mizani la 200 g litasomeka karibu 199.7. Bundi wa 17.20 g atasomeka 17.17. Tofauti ni ndogo, lakini ukilinganisha na namba zilizochapwa kwenye katalogi za Ulaya utajikuta kila sarafu yako ni nyepesi kidogo, na utatafuta sababu isiyokuwepo.

Dawa yake ni kuirekebisha hapa hapa. Unahitaji jiwe la 200 g la daraja la M1, ambalo kosa lake halizidi 0.01 g. Kwenye sanduku halimo, na hili ndilo lalamiko letu kubwa: chombo cha kupimia kinauzwa bila kitu cha kukihakikishia. Agiza jiwe hilo pamoja na sarafu yako ya kwanza. Kwenye mizani tuliyoijaribu, unaiweka mezani pasipo mteremko, unaiacha iwake dakika chache, unashikilia kitufe cha MODE hadi ionyeshe CAL, kisha 200.00 inaanza kuwakawaka. Weka jiwe katikati, ondoa mkono, ngoja PASS. Shika jiwe kwa kitambaa, kwa sababu jasho la vidole lina uzito na linakula chuma.

Dukani kwenyewe, jaribu kabla ya kulipa. Beba sarafu ya euro 2, uzito wake ni 8.50 g, au ya euro 1, ambayo ni 7.50 g. Ipime katikati ya sahani, kisha kwenye pembe zote nne. Namba zikipishana zaidi ya 0.02, rudisha na uombe nyingine. Iondoe, uone kama inarudi 0.00. Inayobaki kwenye 0.03 imeshaumia, mara nyingi kwa sababu kuna mtu aliikandamiza kwa kidole gumba kuonyesha kuwa inafanya kazi. Kipande kile cha ndani kikishazidiwa hakinyooki tena.

Angalizo kuhusu kitufe cha vipimo: ile tl inayotokea kwenye kioo si tola, kipimo cha Kihindi cha dhahabu. Ni taeli ya Kichina, zaidi ya 37 g, wakati tola ni 11.66 g. Kwa sarafu usitoke kwenye g.

Mizani hii inapata thamani yake hasa kwenye jaribio la maji, na hapo inashinda bei yake kwa mbali. Fedha safi ina uzito wa 10.49 g kwa kila mililita. Chukua kikombe chepesi cha plastiki, tia maji 100 ml, si zaidi, maana kikombe na maji vikipita 200 g mizani inagoma. Tone moja la sabuni ya vyombo husaidia maji yasishike mapovu. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, ule ule wa wavuvi wa ziwani, na uzi uutundike kwenye kijiti kilicholala juu ya mirundo miwili ya vitabu. Weka kikombe kwenye sahani, bonyeza TARE hadi ionyeshe 0.00, kisha shusha sarafu izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Bundi wa 17.18 g akisukuma 1.65, jibu ni 10.41: fedha nzuri. Kipande cha 16.90 g kikisukuma 1.90, jibu ni 8.89, na hapo uko kwenye shaba, au shaba iliyovishwa fedha. Mchanganyiko wa bati utashuka hadi saba na kitu. Sarafu zilizovishwa hazikuanza jana. Wagiriki wenyewe walizitengeneza, na mara nyingi huonekana mahali ambapo ngozi ya fedha imepasuka na wekundu au ukijani unachungulia.

Makosa huja kwa njia tatu. Kipovu cha milimita 3 kilichong'ang'ania nyuma ya sikio la Athena kinaongeza 0.01 g, gusa sarafu kwa kijiti hadi kiondoke. Sarafu ikigusa chini ya kikombe, namba inaruka juu ghafla, wala haina maana. Tatu ni mizani yenyewe kujizima baada ya sekunde 60 na kusahau ile sifuri. Andaa uzi na kijiti kwanza, sarafu ining'inie pembeni tayari, ndipo uwashe. Na maji yasidondoke kwenye sahani, kwa sababu yakiingia chini yake mizani imekwisha.

Tuseme wazi pia mipaka ya jaribio hili. Linakuambia chuma, halikuambii umri. Bandia iliyotengenezwa kwa fedha safi mwaka huu itapita bila shida, na risasi ikichanganywa na bati kwa hesabu inaweza kufikia 10.5 vilevile. Hapo ndipo lensi ya mara 10 inapoingia: tafuta mstari uliozunguka ukingo, vishimo vya mviringo kwenye uso, na nywele za simba zilizolainika kama zimepakwa sabuni. Hizo ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, na ukingo wake mara nyingi una mipasuko iliyoachwa na pigo. Kumbuka vilevile kwamba fedha ya kale iliyogeuka kuwa punje ndani ina matundu madogo, kwa hiyo 10.2 pekee haitoshi kuikataa.

Kwa sarafu ndogo, sahau. Oboli ya Athene, sehemu ya sita ya drakma, ni 0.72 g; inasukuma maji 0.07, na kosa la 0.01 linaharibu hesabu yote. Hata uzito wake mkavu unasomeka kwa wasiwasi, kwa sababu mizani hizi huanza kuteleza chini ya gramu moja na upepo wa dirisha unazitikisa. Drakma ya 4.3 g ndiyo mpaka wa chini wa jaribio la maji. Za shaba nyeusi hazinufaiki sana pia: miji haikuzichunga kwa uzito kama fedha, na yenye unga wa kijani kibichi isiloweshwe kwa jaribio hili, hasa huku kwetu ambako mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei na kitu hakikauki upesi.

Anayependa oboli atafute mizani ya 0.001 g yenye mwisho wa 20 g au 50 g na vioo vya kuzuia upepo. Kwa wengine wote, wenye tetradrakma, stateri na drakma, hii ya wanunuzi wa dhahabu inatosha ikishapata jiwe lake la 200 g. Wakati wa kuihifadhi, toa betri, na usiweke kitu chochote kati ya kifuniko na sahani.