Kanda ya Pande Tatu: Kuisikiliza Upya III Sides to Every Story ya Extreme

Watu wengi wa umri wangu hapa Mombasa wanalijua kundi la roki la Marekani, Extreme, kwa wimbo mmoja tu, "More Than Words", ule wa gitaa moja na sauti mbili ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1991, na ambao hata leo hukosi kuusikia kwenye hoteli za Nyali pale mgeni anapomwomba mpiga gitaa kitu cha mapenzi. Sina ugomvi na wimbo huo. Ninalosikitikia ni kwamba uliwafunika wenyewe waliouimba, hata albamu waliyoitoa Septemba 1992, III Sides to Every Story, ambayo naiona kuwa kazi yao bora kuliko zote, ikapita bila ya kupewa haki yake. Wapenzi wa wimbo ule waliungojea mwingine mpole wa aina hiyo wasiupate, na vijana wa roki walikuwa wameshahamia kwa Nirvana na wenzao wa Seattle, ambao hawakuwa na subira na ufundi mwingi wa gitaa.

Nakala yangu ni kanda, tena ya mtumba, niliyoinunua karibu na Marikiti kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ni nzima. Haikuwa nzima. Kile kijisifongo kinachokaa nyuma ya utepe kilikuwa kimebanduka, na kwa hivyo sauti ilikuwa ikizama na kuibuka kama redio ya mtu aliye ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Ilinibidi nizifungue skrubu, nikibandike upya kwa tone la gundi, kisha niuzungushe utepe kwa kalamu mpaka ulegee. Kazi hiyo ililipa, kwa sababu kanda ina wimbo, "Don't Leave Me Alone", ambao haumo katika CD: muziki ulikuwa mrefu mno, CD ikajaa. Kwa mara moja, basi, mwenye kanda alimshinda mwenye CD.

Jina la albamu linatokana na msemo kwamba kila kisa kina pande tatu: upande wako, upande wangu na ukweli. Nyimbo nazo zimegawanywa hivyo hivyo, na lipo jambo la kuchekesha katika kuziweka pande tatu ndani ya kanda yenye nyuso mbili.

Upande wa kwanza ndio ulio na fanki, ule muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na ndio ninaotaka kuukalia. Nuno Bettencourt, mpiga gitaa, hazipigi nyuzi kwa uzito mmoja kama wafanyavyo wapiga roki wengi. Vidole vyake vya kushoto hulegea juu ya nyuzi ili zisitoe noti bali zikwaruze tu, huku mkono wa kulia ukienda juu na chini bila ya kusita, na katikati ya mikwaruzo hiyo noti chache huchomoza kama pilipili manga ndani ya pilau. Chini yake, gitaa la besi la Pat Badger na ngoma za Paul Geary hulikanyaga pigo la kwanza kwa nguvu, kisha huacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo fanki yenyewe. Mtu aliyekulia kwenye chakacha ataona kwamba hesabu ya mapigo ni nyingine kabisa, lakini mabega yake hayatangoja maelezo.

Sikiliza "Rest in Peace", unaoanza kwa fidla za upole hata ukadhani umekosea kanda, kisha gitaa likaingia na kuuvunja utulivu wote. Sikiliza zaidi "Cupid's Dead". Humo gitaa na besi hufuatana noti kwa noti katika mwendo wa kukatakata, na palipotarajiwa solo ya kawaida, wanamuziki wanaachiwa wacheze wenyewe kwa muda mrefu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Juu ya yote hayo Gary Cherone anaimba kiitikio kinachoshikika mara moja. Hapo ndipo ubora wa albamu hii ulipo: makundi yaliyochanganya fanki na roki wakati ule hayakuwa machache, lakini mengi yalikuwa na mdundo bila ya wimbo. Upande huu unafungwa na "Peacemaker Die", ambamo inasikika sauti ya Martin Luther King mwenyewe akihutubia.

Upande wa pili ni wa nyimbo tulivu zaidi na nitaupitia haraka. "Tragic Comic" ni kisa cha mpenzi asiye na bahati, mwenye kigugumizi, na kinachekesha kweli. "Stop the World" una sauti zilizopangwa vizuri mno. "Our Father" sijauzoea hadi leo.

Upande wa tatu ni utungo mmoja wenye sehemu tatu, unaozidi dakika ishirini, wenye okestra kubwa. Nasaba yake haijifichi: ni Queen, kundi la roki la Uingereza. Na hapa sisi watu wa pwani tuna neno, kwani Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Tarehe 20 Aprili 1992, miezi michache kabla ya albamu hii kutoka, Extreme walipanda jukwaani Wembley katika tamasha la kumkumbuka, wakapiga mfululizo wa nyimbo za Queen kwa heshima na kwa umahiri. (Bettencourt naye ni mzaliwa wa kisiwani, Terceira katika Azores, visiwa vya Ureno. Mababu wa Wareno wenzake walituachia meza, leso na Ngome ya Yesu. Gitaa la namna hii hawakulileta.) Sehemu ya kati, "Am I Ever Gonna Change", ni miongoni mwa nyimbo nzuri kuliko zote walizowahi kuandika. Hata hivyo, kuna mahali okestra inawazidi nguvu, na nikajikuta nikiitamani besi ya upande wa kwanza.

Anayetaka kuijaribu asianzie mwanzo, kwa kuwa muziki wa zaidi ya dakika 75 humchosha mgeni. Aanze na "Cupid's Dead", kwa spika zenye besi ya kutosha. Nimeujaribu katika matatu ya rafiki yangu tukitoka Makupa, na kondakta, ambaye hasikilizi ila dansiholi, aliuliza ni kina nani hao. Nilipomtajia wimbo wa hotelini hakuniamini.